Mwongozo kamili: kupima jinsi chumvi na vitu vingine vinavyopita kwenye utando wa polima uliolowa maji, kwa vifaa vya Kigoma

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tano kwa nini chumvi hupita kwenye mfuko wa selofani na wanga hubaki ndani, atakujibu haraka: matundu. Chumvi ni ndogo, wanga ni mkubwa, basi. Kwenye mtihani jibu hilo lina alama zake, ila swali la pili tu linalikwamisha. Urea na glukosi zote ni ndogo kuliko matundu hayo, mbona hazipiti kwa kasi moja? Mbona kipande kilekile cha selofani kikikauka kisha kikaloweshwa upya kinapitisha polepole kuliko mwanzo? Na bluu ya methilini, ambayo molekuli yake ni ndogo sana ukiilinganisha na wanga, mbona inaugandia utando na kuchelewa kutokea upande wa pili?

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi, fundi wa maabara au yeyote anayetaka kupata namba, wala si kuona rangi ikibadilika tu. Ukiufuata utapima vitu vitatu: maji yaliyomo ndani ya utando, kasi ya chumvi kuupita, na (hapa ndipo wengi hukosea) sehemu ya ukinzani ambayo si ya utando hata kidogo bali ni ya maji yaliyotuama juu na chini yake.

Kinachotokea ndani ya utando

Selofani, tyubu ya Visking ya maabara za shule, agari, jelatini, hata lenzi laini za macho, zote ni polima zinazovimba zikikutana na maji. Minyororo mirefu ya molekuli inaachana kidogo, maji yanaingia katikati, lakini minyororo haiyeyuki kwa sababu imeshikana hapa na pale. Kitu kilichoyeyuka hakitoboi polima. Kinasafiri ndani ya yale maji, kikizunguka minyororo, kikipotea njia, kikirudi nyuma, kikisonga tena. Chungio la unga halifanyi hivyo: kwenye chungio punje inapita au haipiti, hapa swali ni inapita kwa shida kiasi gani.

Shida hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni kizigeu cha usambaaji, D, yaani wepesi wa molekuli kutembea ikiwa imeshaingia. Upande wa pili ni mgawanyo, K: ukiuacha utando ndani ya mmumunyo hadi utulie, ukolezi wa ndani ya utando ni sehemu gani ya ukolezi wa nje? Kitu kinachokaa kwenye maji ya utando tu, K yake inakaribia sehemu ya maji iliyomo. Kitu kinachoipenda polima, K yake inaweza kupita 1 kwa mbali. Upenyezaji ni zao la hivyo viwili kugawanya kwa unene:

P = D × K ÷ L

Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Adolf Fick mwaka 1855, alipoonyesha kuwa chumvi husambaa kwa kasi inayolingana na tofauti ya ukolezi. Mwaka 1861 Thomas Graham, mkemia Mskoti, alitumia karatasi iliyotibiwa kwa asidi ikawa kama ngozi, akatenganisha vitu vinavyopita upesi na visivyopita. Kazi hiyo akaiita dialisisi. Selofani ya kufungia soseji ndiyo Willem Kolff aliyoizungushia figo yake bandia kule Uholanzi mwaka 1943. Kwa hiyo unachokifanya kwenye meza ya shule ni ndugu wa kile kinachofanyika kwenye mashine ya kusafisha damu. Angalizo tu: hiki ni kifaa cha kupimia chumvi, kisiguse damu wala dawa ya mtu.

Hatua ya 1: Tafuta utando wa kweli

Karatasi inayong'aa ya kufungia zawadi, inayouzwa madukani Mwanga na Ujiji hapa Kigoma kwa jina la selofani, mara nyingi ni plastiki ya polipropilini. Hiyo haipitishi chumvi ng'o. Ipime kwa njia mbili. Kwanza itumbukize majini: selofani halisi inalegea na kukunjamana ndani ya dakika moja hivi, plastiki inabaki kama ilivyo. Pili choma ncha yake kwa kiberiti: selofani inaungua kama karatasi na kuacha jivu, plastiki inayeyuka na kudondoka. Selofani nyingine ni halisi lakini imepakwa dawa ya kuzuia unyevu, nayo haifai. Hiyo hailegei hata ukiipa muda.

Bora uagize tyubu ya Visking kwa wauza vifaa vya maabara, iletwe kwa basi. Chagua yenye upana wa sentimita 4.5 ikiwa bapa, ili ukiipasua ubavuni upate karatasi ya sentimita 9. Nyembamba zaidi haitatosha kufunga mdomo wa bomba.

Jelatini naiweka kando makusudi. Inavimba vizuri, ila kwenye nyuzi 30 tayari inalegea, na mchana wa Kigoma hauko mbali na hapo. Agari haina taabu hiyo: ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Tutaitumia mwishoni.

Hatua ya 2: Ioshe, na usiiache ikauke

Tyubu ya Visking hutoka kiwandani ikiwa na glisirini ya kuilainisha pamoja na masalia ya salfa. Iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu kwa saa moja, ukibadilisha maji mara tatu au nne. Ikishaoshwa, glisirini imeondoka, na ndiyo iliyokuwa ikiishikilia minyororo isigandamane. Ukiiacha ikauke sasa, minyororo ya selulosi inashikana moja kwa moja na haiachani tena yote hata ukiilowesha upya. Maji ya ndani yanapungua na upenyezaji unashuka. Swali la pili pale juu linajibiwa hapo. Hifadhi vipande ndani ya maji, kwenye friji kama ipo, la sivyo badilisha maji kila siku ili visiote ukungu.

Maji yenyewe yawe ya mvua au maji ya betri. Hapa tuelewane vizuri: maji ya betri ni yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea, siyo asidi ya betri, ambayo huuzwa dukani humohumo kwenye chupa zinazofanana na inaunguza ngozi na macho. Soma lebo, muulize muuzaji, kisha hakikisha kwa kipima TDS (kifaa kidogo cha kukadiria vitu vilivyoyeyuka majini): asidi itapeleka namba juu kabisa, maji safi yatabaki karibu na sifuri.

Maji ya Ziwa Tanganyika yaache. Ni maangavu hadi yanadanganya macho, lakini yamebeba madini ya kutosha: upitishaji umeme wake ni kama mikrosiemensi 650 hadi 700 kwa sentimita, na pH yake iko karibu na 9. Ukianzia hapo, nyongeza ndogo ya chumvi itamezwa na namba iliyokuwepo.

Hatua ya 3: Pima maji na unene bila maikromita

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayokupa utabiri wa kulinganisha na kipimo chako. Kata kipande cha sentimita 8 kwa 10 kutoka kwenye utando uliooshwa. Kiweke kati ya karatasi mbili za kukaushia, kandamiza kidogo ili maji ya juu yaondoke, kisha kipime haraka kwenye mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01. Kikaushe kwenye jua kali au juu ya sufuria yenye joto la wastani, ukipime tena hadi uzito usibadilike. Kipande hiki kimekufa kwa kazi nyingine yoyote. Kibandike kwenye daftari.

Tuseme kikiwa kibichi kilikuwa gramu 0.50 na kikavu 0.25. Maji ni gramu 0.25, yaani sentimita za ujazo 0.25. Selulosi ina densiti ya karibu 1.5, hivyo gramu 0.25 zinachukua ujazo wa 0.167. Ujazo wote ni 0.417, na sehemu ya maji ni 0.25 ÷ 0.417, sawa na 0.60. Gawanya ujazo wote kwa eneo la sentimita za mraba 80, unene unatoka sentimita 0.0052. Umepata unene wa utando ambao rula isingekuonyesha kamwe.

Sasa utabiri. Mwaka 1955 watafiti Mackie na Meares walitoa kanuni inayochukulia minyororo kama vizuizi vinavyorefusha njia tu:

D ndani ÷ D majini = (h ÷ (2 − h))²

ambapo h ni sehemu ya maji. Kwa h = 0.60 inatoka 0.18. Chumvi kwenye maji matupu kwa nyuzi 25 ina D ya karibu 1.5 × 10⁻⁵ sm²/s, hivyo ndani ya utando tutarajie 2.8 × 10⁻⁶. Tukichukua K kuwa 0.60, upenyezaji unakuwa 2.8 × 10⁻⁶ × 0.60 ÷ 0.0052, yaani kama 3.2 × 10⁻⁴ sm/s. Iandike pembeni ya daftari, kisha usiitazame tena hadi umalize kupima.

Kanuni hiyo ni nzuri kwa chumvi na hafifu kwa molekuli kubwa. Yasuda na wenzake walionyesha mwaka 1968, wakipima utando wa aina nyingi, kuwa kadiri maji yanavyopungua D inaporomoka kwa haraka sana, na kwa molekuli kubwa mporomoko ni mkali zaidi. Ndiyo maana glukosi inaachwa nyuma na chumvi kuliko tofauti yao ya majini inavyosema.

Hatua ya 4: Tengeneza kifaa

Chukua bomba la PVC la inchi moja na nusu, urefu wa sentimita 15. Lainisha mdomo wa chini kwa msasa hadi kidole kisikwaruzwe. Pima kipenyo cha ndani. Nitachukua sentimita 4.0, eneo likiwa sentimita za mraba 12.6. Lako likitofautiana, tumia la kwako.

Tandika utando mbichi juu ya mdomo huo, uvute usiwe na mikunjo, uufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokatwa mwembamba na kuzungushwa mara kadhaa kwa kukaza. Uzi wa nailoni unakata utando. Bendi za noti zinalegea. Mpira wa tyubu hauna mshindani.

Chombo cha nje ni chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo. Bomba lining'inie katikati yake kwa vijiti viwili vilivyopitishwa kwenye matundu ya juu, utando ukiwa sentimita 3 kutoka chini. Ukimimina mililita 100 ndani ya bomba na kama mililita 500 nje, usawa wa maji ndani na nje unakaribiana. Usawa huo ni wa lazima: ndani kukiwa juu, maji yatasukumwa kupitia utando yakiibeba chumvi, na utakuwa umepima msukumo badala ya usambaaji.

Kabla ya yote tafuta uvujaji, na kwa kazi hii wanga wa muhogo unatosha. Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo (unga mbichi haufai, punje hazijayeyuka), uache upoe, uchuje, umimine ndani ya bomba. Nje weka maji yenye matone ya tinkcha ya iodini hadi yawe rangi ya chai hafifu. Baada ya nusu saa ndani kutakuwa bluu nyeusi kwa kuwa iodini imeingia. Nje kukibaki rangi ya chai, fundo lako ni zima. Nje kukitokea bluu, fungua ufunge upya. Wengi huishia kwenye jaribio hili wakapiga makofi. Kwetu lilikuwa la kukagua fundo tu. Tupa maji, suuza, endelea.

Hatua ya 5: Chumvi na kipima TDS

Chumvi ya Uvinza inatosha kabisa. Inatokana na chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi, na watu wameivuna pale kwa zaidi ya miaka elfu. Kama ni ya chenga kubwa, itwange na uikaushe kwenye sufuria kavu, kwani chumvi ya chenga hubeba unyevu na mizani haijui tofauti. Pima gramu 10, yeyusha, fikisha lita moja. Ikibaki takataka chini, chuja.

Kipima TDS hakipimi chumvi. Kinapima upitishaji umeme na kuubadilisha kwa kizigeu kilichowekwa kiwandani, hivyo kirekebishe mwenyewe. Kwa bomba la sindano la mililita 10 chukua mililita 10 za mmumunyo wako, ongeza maji hadi lita moja: hiyo ni gramu 0.1 kwa lita. Fanya vivyo hivyo kwa mililita 20, 50 na 100. Soma kila moja, chora grafu ya usomaji dhidi ya gramu halisi. Kwa gramu 1 kwa lita upitishaji ni kama mikrosiemensi 2,000, kwa hiyo kipima chenye kizigeu cha 0.5 kitaonyesha karibu 1,000. Chako kikionyesha 870, hakijaharibika. Grafu yako itarekebisha.

Hatua ya 6: Pima

Weka maji ya nje, soma TDS na joto. Mimina mmumunyo wa gramu 10 kwa lita ndani ya bomba, kisha uliteremshe bomba majini likiwa limeinama kidogo ili hewa itoke chini ya utando. Inamisha kichwa uangalie kutoka chini. Kiputo cha ukubwa wa sarafu kinaziba sehemu kubwa ya eneo lako na hakitakuambia kitu, namba itashuka tu.

Weka tochi ya simu nyuma ya chupa, kitambaa cheusi pembeni. Utaona nyuzinyuzi zinazotetemeka zikishuka kutoka kwenye utando, kama joto linavyotetemeka juu ya bati mchana. Hiyo ni chumvi ikitoka: mmumunyo wake ni mzito kuliko maji, unazama. Ndani ya bomba, maji yaliyopungukiwa chumvi ni mepesi, yanapanda. Kwa hiyo kuweka chumvi juu na maji chini kunakupa msaada wa kukoroga bila gharama. Ukigeuza, chumvi ikawa chini, kila upande unatuama na kasi inashuka bila utando kubadilika hata kidogo.

Hata hivyo koroga. Nje kwa kijiti, mizunguko kumi ya taratibu kila dakika. Ndani kwa kijiti kingine bila kugusa utando. Kukoroga kuwe kwa namna ileile mwanzo hadi mwisho, na kwa kila jaribio. Soma TDS kila baada ya dakika tano kwa saa moja. Usiongeze muda sana: chumvi ya ndani ikishapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mstari unaanza kupinda. Weka alama ya usawa wa maji kwenye bomba mwanzoni. Ukipanda kidogo ni osmosisi, kawaida. Ukipanda sana, hesabu ya ukolezi inabidi irekebishwe.

Na andika joto. Usambaaji unaongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, na ule urekebishaji wa joto uliomo ndani ya kipima unarekebisha usomaji wa umeme, haurekebishi mwendo wa chumvi kwenye utando. Jaribio la asubuhi ya Julai na la mchana wa Oktoba yasiwekwe kwenye jedwali moja bila maelezo.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Chora ukolezi wa nje dhidi ya muda. Upate mteremko wa mstari, uubadilishe kuwa gramu kwa lita kwa sekunde. Kisha:

P = ujazo wa nje × mteremko ÷ (eneo × ukolezi wa ndani)

Tuseme TDS iliyorekebishwa inapanda miligramu 2.64 kwa lita kila dakika. Hiyo ni gramu 4.4 × 10⁻⁵ kwa lita kwa sekunde. Zidisha kwa 500, gawanya kwa 12.6 na kwa 10: P ni 1.75 × 10⁻⁴ sm/s.

Fungua sasa ule utabiri. Tulisema 3.2 × 10⁻⁴, tumepata nusu yake na kidogo. Mwenye haraka atasema kanuni ya Mackie na Meares ni mbovu, au chumvi si safi. Vyote viwili havina hatia.

Hatua ya 8: Tenga ukinzani wa utando na wa maji

Hata ukikoroga vipi, maji yaliyogusana na utando hayatembei. Kuna tabaka jembamba, sehemu ndogo ya milimita, lililotulia juu na jingine chini. Chumvi lazima ivuke yote mawili kwa usambaaji mtupu. Tabaka la sentimita 0.02 lina upenyezaji wa 1.5 × 10⁻⁵ ÷ 0.02, yaani 7.5 × 10⁻⁴ sm/s. Si mbali na upenyezaji wa utando wenyewe, na matabaka yako mawili. Kwa hiyo utando mwembamba ukipimwa bila uangalifu, karibu nusu ya jibu ni habari za maji.

Njia ya kuyatenga ni rahisi kiasi kwamba sielewi kwa nini haifundishwi shuleni. Ukinzani ni 1 ÷ P, na ukinzani unajumlishwa. Rudia jaribio kwa utando wa safu mbili, kisha tatu. Unapopanga safu, zitandike chini ya maji na uzikandamize kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni. Maji yakinaswa kati ya safu yanahesabika kama utando na kukuharibia mteremko.

Tuseme safu moja imetoa 1 ÷ P ya 5,700, safu mbili 8,800, safu tatu 11,900 (vizio ni sekunde kwa sentimita). Chora ukinzani dhidi ya idadi ya safu. Mstari unapanda 3,100 kwa kila safu: huo ni utando peke yake, na P yake ni 1 ÷ 3,100, yaani 3.2 × 10⁻⁴. Mstari ukiurudisha nyuma hadi safu sifuri unakata kwenye 2,600: hayo ni matabaka ya maji. Koroga kwa nguvu zaidi na kurudia mfululizo wote, utaona namba ya 2,600 inashuka na ile ya 3,100 inabaki palepale. Isipobaki, tatizo liko kwenye kufunga au kwenye viputo.

Kama muda wako unatosha kufanya hatua moja tu ya ziada katika mwongozo huu wote, fanya hii. Wanaotengeneza vichujio vya kusafisha damu wanakabana na matabaka hayohayo. Ndiyo sababu damu na maji ya dialisisi hupitishwa kwa mwendo kwenye njia nyembamba, havikai vikatuama.

Hatua ya 9: Vitu visivyopitisha umeme

Glukosi haionekani kwa TDS. Tumia vijiti vya kupimia mkojo vya famasi, vyenye kisanduku cha glukosi na cha protini. Weka ndani ya bomba gramu 10 za glukosi kwa mililita 100 pamoja na kijiko cha ute wa yai uliochujwa. Nje tumia chombo chembamba zaidi chenye maji machache, kama mililita 150, la sivyo utasubiri sana, na punguza yaliyomo ndani ya bomba hadi usawa ulingane. Chovya kijiti kila dakika kumi. Kisanduku cha glukosi kitabadilika. Cha protini hakitabadilika hata ukilala ukaamka. Kipimo hiki kinakupa "kimefika au hakijafika" zaidi ya namba, na kwa darasa la biolojia hiyo inatosha. Ukitumia maji ya ziwa, ujue kuwa kisanduku cha protini huweza kudanganywa na maji yenye pH ya juu.

Wafuga nyuki wa Kibondo na Tabora wana refraktomita (vipima sukari kwa mwanga) za asali, na kuna atakayependa kuazima. Hazitasaidia: zimetengenezwa kwa asali, usomaji unaanzia karibu asilimia 58 ya sukari. Unahitaji ya juisi, inayoanzia sifuri.

Pamanganeti usiitumie hata kama rangi yake inavutia. Inaishambulia selulosi na kuacha doa la kahawia, na utando haurudi ulivyokuwa.

Hatua ya 10: Agari, na kuitenga D na K

Mpaka hapa P imebaki kuwa zao la D na K bila kuvunjwa. Utando mnene unakuruhusu kuvivunja kwa saa ya ukutani.

Chemsha gramu 2 za agari kwenye mililita 100 za maji hadi iwe angavu. Kwaruza ndani ya mdomo wa bomba kwa msasa ili agari ishike, funga kitambaa chepesi cha kuchujia chini yake, lisimamishe juu ya sahani iliyofunikwa plastiki, mimina mililita 3.8. Hiyo inatoa kisahani cha milimita 3. Kiache kigande, kisha kiloweke majini saa kadhaa. Ndani tumia mmumunyo mkali zaidi, gramu 30 kwa lita, na soma kila dakika tatu kwa saa moja na nusu.

Mwanzoni TDS haitasogea. Chumvi inaijaza agari kwanza. Kisha mstari unainuka taratibu hadi unanyooka. Vuta sehemu iliyonyooka kurudi nyuma hadi ikate mhimili wa muda. Pale inapokata ni muda wa kuchelewa, nao ni L² ÷ 6D. Kwa agari ya milimita 3 na D ya 1.4 × 10⁻⁵, ni kama sekunde 1,070, dakika 18 hivi. Kwa ile Visking ya hatua ya tatu ungekuwa sekunde moja na nusu, hakuna mkono wa kuukamata. Hapa matabaka ya maji pia hayana sauti kubwa, kwani ukinzani wa agari unazidi 20,000.

Mteremko umekupa P, kuchelewa kumekupa D, na K ni P × L ÷ D. Kwa chumvi kwenye agari ya asilimia 2 itakaribia 1, kwa kuwa agari hiyo karibu yote ni maji. Weka sasa bluu ya methilini badala ya chumvi, mmumunyo hafifu tu. Agari ina vikundi vya salfeti vyenye chaji hasi, bluu hiyo ina chaji chanya, na kisahani kitaiva bluu nzito kikinyonya rangi kutoka juu huku maji ya chini yakibaki meupe kwa saa nyingi. Kikate katikati kwa wembe kila baada ya saa mbili (tengeneza visahani vya kutosha) na upime kwa rula umbali ambao mpaka wa bluu umeshuka. Ukichora umbali huo dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, yaani mzizi wake, utapata mstari ulionyooka.